Neno Aliloahidi Kuja Nalo

Sogeeni jamani, mlio nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele, mlioshika vyombo viwekeni chini kidogo, mwenye simu aizime, mwenye mtoto anayelia ampakate tu, huyo hana kosa, tunyamaze tumsikilize mwenzetu, maana alipokuwa hai hakuna aliyejaribu kumnyamazisha akaweza. Historia hii inasomwa na shemeji yake kwa niaba ya familia.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimwita Kasuku, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1974, saa moja asubuhi, katika chumba cha tatu cha nyumba ya kupanga iliyo nyuma ya soko, akiwa mtoto pekee wa mama yake, muuza nanasi, na wa marehemu baba yake, mchukuzi wa mizigo. Arobaini haijafika alikuwa tayari sokoni, amelazwa kwenye magunia chini ya meza, na sauti aliyokua nayo masikioni ni ya mama yake akiita wateja, "Tunda zuri! Tunda zuri hili, onja kwanza!", kwa kuwa mama yake hakuwahi kulitaja nanasi kwa jina pale mezani, alisema kila mwenye macho anaona ni nanasi, cha kutangaza ni uzuri wake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1981 hadi 1987, na sekondari kuanzia 1988 hadi 1991, na jina la Kasuku alilipata miaka hiyo, kwa sababu kila mgeni aliyepita sokoni alimfuata na nanasi mkononi kumuuliza kwao linaitwaje, kisha akalirudia neno lile siku nzima mpaka baba yake akamwambia, "We mtoto, nanasi lenyewe limeshachoka kuitwa."

Baada ya shule aliosha sufuria katika jiko la hoteli kwa miaka minne, na tarehe 10 Juni 1996 aliajiriwa kuwa mpishi msaidizi katika meli ya mizigo, majirani wakacheka wakisema atawapikia nini watu wanaotapika kutwa, naye akawajibu, "Nitawapikia mara mbili." Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na mitano, akapanda akawa mpishi mkuu, na kila alipopata simu bandarini alianza na nanasi kabla ya salamu, "Shikamoo baadaye mama, kwanza sikia," akamwambia Waarabu wanasema ananaas, Waturuki ananas, Warusi ananas, Wahindi ananaas, Wamalei nanas, na mama yake, ambaye hajui kusoma hata kibao cha choo, aliyashika yote kichwani, akishangaa watu wasiojuana kabisa walivyokubaliana juu ya tunda moja. Waliokataa walikuwa wachache, kina Waingereza na Wahispania, waliolifananisha na lile tunda gumu la msonobari lenye magamba, na mama yake aliwasikitikia, akasema hao waliliangalia kabla ya kulionja.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1998 na fundi wa kuchomelea, aliyepo hapa mbele yenu, wakajaliwa binti mmoja tarehe 20 Septemba 2000, ambaye leo ni fundi cherehani, na aliyelelewa zaidi mezani kwa bibi yake, kwa kuwa Kasuku, mama yake, alikuwa akija nyumbani wiki sita na kuondoka miezi tisa.

Jumapili tarehe 3 Machi 2019 alipiga simu akicheka mpaka anakohoa, akasema amepata asili ya neno, kwamba wenyeji wa misitu ya ng'ambo kabisa ndio waliolisema kwanza, mabaharia Wareno wakalibeba tunda na jina lake wakavuka nalo bahari, na kwamba jina lile lina maana. Mama yake ameomba kinachofuata kisomwe bila kufichwa. Alimkatiza mwanawe, akamwambia, "Usiniambie kwa simu, maana hiyo uje nayo, ukae kwenye gunia hapa ndiyo uniambie," kwani alikuwa amemkumbuka mno, akaona hiyo ndiyo kamba ya kumvutia nyumbani, naye Kasuku akasema, "Haya mama, ninayo, haiozi." Mkataba ukaongezwa, bandari zikafungwa kwa ugonjwa, na kamba ile haikuvuta mtu kwa miaka mitatu.

Februari 2022, akiwa jikoni melini, alianza kusahau majina ya vitu, sufuria akaiita "ile", chumvi akaiita "ile nyingine", wenzake wakadhani anatania. Aliletwa nyumbani tarehe 9 Mei 2022, madaktari wakakuta uvimbe kwenye ubongo, wakampasua tarehe 2 Juni, lakini maneno yakaendelea kumtoka moja moja, ya ugenini yakatangulia, ya nyumbani yakafuata, hadi Septemba Kasuku akawa anasikia kila kitu na hawezi kusema kitu. Mama yake alikaa kitandani pake kila asubuhi akimrudishia yale ya simu, ananaas, ananas, nanas, naye akiitikia kwa kichwa, na lile la maana hawakulipata.

Jumamosi tarehe 15 Oktoba mama yake alikwenda wodini na nanasi lililokatwa, akamwekea kipande mdomoni, na kwa mazoea ya mezani akasema, "Tunda zuri hili, onja." Kasuku alicheka huku machozi yanamtoka, akanyoosha kidole akagusa midomo ya mama yake, akagusa tena na tena, na mama yake akaelewa kwamba mgonjwa amechoka na kelele, akanyamaza. Alinyamaza siku hiyo, na Jumapili, na Jumatatu, na Jumanne tarehe 18 Oktoba 2022, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Kasuku alifariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane, miezi saba na siku nne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani waliopika na kuosha vyombo bila kuitwa, wauza matunda waliofunga meza zao, na mabaharia wenzake waliomleta hadi mlangoni.

Jana mchana binti yake alifungua begi la meli, akakuta daftari la maneno, akamsomea bibi yake ukurasa wa mwisho, ulioandikwa hivi: "Nanas, kwa wenyeji wa misitu. Maana yake tunda zuri. Mama amelisema tangu sijazaliwa na hajui. Nikifika nitakaa kwenye gunia, nimwache aite wateja, halafu nimwambie."

Daftari hilo amelirithi binti yake. Mume wake amerithi redio na aproni ya jikoni, mpishi mwenzake amerithi kisu. Mama yake amerithi neno, na atakaporudi sokoni ataliita kwa sauti ileile, maana sasa anajua kidole kile hakikumwambia anyamaze.

Pumzika kwa amani, Kasuku, tunda zuri la mama yako.