Mkuki wa Benadetha

Jumamosi, benchi la nje ya duka la kufulia pale Beltsville, Marekani, hujaa mapema. Kalisti huleta kahawa. Kipkemboi, mwenye udaktari wa falsafa usiokwisha, ndiye Profesa. Na Phineas, mlinzi wa ubalozi, wa ukoo mmoja na Kalisti, ndiye Balozi. Jumamosi moja ya mwaka tisini na nane Kalisti alikuwa na moyo mzito. Kesho yake chama cha ukoo wao kingekutana, na binti yake, Benadetha, aliomba kushika mkuki na kufungua mkutano kwa majigambo, yaani kujitapa kwa kutaja mababu jina kwa jina, kazi ya wanaume tangu enzi. Neno la mwisho ni la mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye Kalisti.

BALOZI: Kataa, ndugu yangu! Ataolewa, ahame na ukoo wetu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe, siyo mkuki!

PROFESA: Methali umeipachika pasipo pake, lakini pointi iko. Nimerisachi. Akiolewa na Mnaijeria, babu yenu anaamkia Lagos!

BALOZI: Bila viza!

PROFESA: Akiolewa na Mmarekani, babu analipa kodi!

KALISTI: Msiba wa kule Herndon, akina nani walikesha jikoni? Bibi yetu Honorata, nani anampeleka kliniki? Si mabinti hawa hawa?

BALOZI: Kazi ni kazi, mkuki ni mkuki. Haba na haba hujaza kibaba.

Hakuna aliyeuliza kibaba kimeingiaje. Benadetha akatoka dukani na kapu la nguo, pamoja na Nia, Mmarekani mweusi anayesoma naye chuoni Fairfax, aliyejifunzia Kiswahili darasani.

NIA: Shikamooni. Samahani, tumewasikia. Majigambo hayo, ninyi nani aliwafundisha?

Balozi akachungulia kikombe kitupu. Kalisti alijua fika: shangazi Euphrasia, aliyemfundisha utotoni, akimpiga maganda ya ndizi kila aliporuka jina. Shangazi aliyajua yote, na hakuruhusiwa kuyasema mbele za watu hata siku moja, mpaka akazikwa. Aibu ikamshika Kalisti.

KALISTI: Bena, weka kapu chini. Tusikie.

BENADETHA: Dad, right here?

KALISTI: Hapa hapa, mama.

Benadetha akanyoosha mkono juu kama aliyeshika mkuki.

BENADETHA: Ndimi Benadetha wa Kalisti, wa Rwegasira, wa Kaijage!

Akaenda, jina kwa jina, akafika pale Kalisti mwenyewe hukwama kila mwaka, akapapita. Balozi ndiye aliyetangulia kusimama, kama wasimamavyo watu wa ukoo majigambo yakitolewa. Kalisti akasimama naye, fahari imemjaa kifuani, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.