Kiti cha Kinyozi Nyuma ya Kamba Nyekundu

Ndugu, jamaa, majirani, wenzake wa kazi, na ninyi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, jambo ambalo mwenyewe angelicheka mpaka ashike mbavu, familia inawaomba utulivu kidogo ili isomwe safari ya maisha ya mpendwa wetu, ambaye wakubwa kwa wadogo wa mji huu walimwita Bibi Kiti, na msomaji ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekabidhiwa kazi hii kwa sababu miwani yake bado inaona, na kwa sababu, kama mjuavyo, hakuna la mtaani lililowahi kumpita.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1946, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, akiwa mtoto wa tatu wa baba mpiga chapa na mama mshona mashuka, na inasimuliwa kwamba alitoka na nywele nyingi mno, nyeusi, nzito, za kubishana na chanuo, hata mkunga akauliza huyu ni mtoto au kofia, na nywele hizo tunaomba mziweke akilini, maana tutazirudia.

Mwaka 1954 alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na kwao, akawa hodari wa kusoma kwa sauti, ila hesabu hazikumpenda, naye hakuzilazimisha, na mwishoni mwa mwaka 1959, akiwa darasa la sita, aliacha shule kwa sababu macho ya mama yake yalikuwa yameanza kufifia na mashuka ya watu hayakuweza kungoja.

Tarehe 1 Februari 1964 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kitengo cha kupiga pasi, na humo alidumu katika mvuke na kelele za mashine mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2001, nywele zote zimefungiwa ndani ya kofia nyeupe ya kazini, na ilikuwa kofia hiyohiyo iliyomponza, kwa maana mbele ya geti la hospitali palikuwa na kinyozi, kaka yetu, kijana mpole wa mikono na mkali wa mdomo, ambaye siku moja alimwambia, "Dada, hiyo kofia inaficha mtu au inaficha mzigo?" naye akajibu bila kugeuka, "Inaficha yasiyokuhusu," na haukupita mwaka yakamhusu.

Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 8 Agosti 1970, na si siri kwamba upande wa bwana harusi tulinung'unika, tukasema bibi harusi ana maringo, neno likamfikia, akaja mpaka jikoni kwetu akiwa bado na shela, akasema, "Wifi, haya maringo nimekuja nayo kutoka kwetu, sikuazima kwa mtu," na tangu siku hiyo yeye na wifi yake walitaniana bila kupumzika kwa miaka hamsini na tatu.

Sasa kuhusu kiti, kwa kuwa bila hicho historia hii haiendi. Kilikuwa kiti cha kunyolea cha dukani kwa mumewe, chenye miguu ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, ngozi nyekundu, kanyagio la kukiinua na mkono wa pembeni wa kukilaza, na kilipolazwa kilitoa mlio kama mtu anayeshusha pumzi, na wanaume wote wa mji huu walikikalia, wenye vyeo na wasio na vyeo, wakashikwa kichwa wakatulia kama watoto. Lakini Jumapili alasiri duka lilifungwa mlango, ukasikika mtiririko wa maji ndani na vicheko, na watu wakasema mengi, mengine hayasomeki mbele ya jeneza, mpaka wifi yake alipochungulia dirishani kwa niaba ya mtaa mzima na kuona kwamba kinyozi amemlaza mkewe katika kile kiti, kichwa kimeegemea beseni, anamwosha zile nywele polepole kwa vidole, kuanzia kisogoni kwenda juu, naye amefumba macho, mikono imelala mapajani, mikono ambayo wiki nzima haikujua kulala. Ilikuwa hivyo kila Jumapili, kwa miaka thelathini na mitano, na mtaa ukakosa cha kusema.

Mungu aliwajalia mtoto wa kiume, aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1973, ambaye ni fundi wa mitambo ya meli na yupo hapa mbele yetu, na mtoto wa kike aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1976 na kutuaga kabla mwaka huo haujaisha, ambaye mama yake hakuacha kumtaja.

Tarehe 3 Novemba 2005 kinyozi alifariki ghafla, akiwa amesimama kazini na mkasi mkononi, na mwenye nyumba akataka funguo za duka, na sebule ya mkewe ilikuwa imejaa vitu vya msiba, kiti hakina pa kuwekwa, na ikatokea kwamba mwezi wa Februari 2006 watu wa makumbusho ya mji, yaliyokuwa yakiandaliwa katika jengo la posta ya zamani, walipita mlango kwa mlango wakiomba vitu vya kale, wakakiona kile kiti, wakakizunguka, wakakipiga picha, wakamwomba, naye akasema chukueni, akatia sahihi bila kuuliza neno. Hakuna kati yetu aliyejua kilichokuwa kichwani mwake. Marehemu aliamini kwamba makumbusho ni mahali unapoacha kitu chako mpaka utakapokihitaji, kama unavyoacha sanduku kwa jirani unapohama, nyumba ile kubwa, ina mlinzi, haivuji, basi kikae humo hadi apate nafasi.

Nafasi aliipata. Siku ya Jumatano, tarehe 14 Juni 2006, baada ya kuuza kabati na kufagia kona nzima ya sebule, alifika makumbusho akiwa na mkokoteni, mwenye mkokoteni, blanketi na kamba, akamkuta msimamizi, ambaye wakati huo alikuwa binti mdogo ametoka chuoni juzi, akamwambia kwa furaha, "Mwanangu, ahsanteni kwa kunitunzia kiti chetu, sasa nimekuja kukichukua." Yule binti akasema taratibu, "Mama, kilichoingia humu hakitoki, kiti sasa ni cha mji." Akajibiwa, "Mji upi? Mji ulikikalia, ukanyolewa, ukaenda zake, aliyefagia nywele za mji ni mimi." Waliongea mpaka sauti zikaisha, wote wawili wakalia, na mwenye mkokoteni akauliza pale mlangoni, "Sasa mama, tunabeba nini?" naye akasema, "Nibebe mimi," akapanda, akakaa juu ya lile blanketi, akavuka mji mchana kweupe akisukumwa, haangalii kulia wala kushoto, na waliomwona walidhani ni kichekesho.

Nyumbani ile kona aliyoifagia ilibaki wazi. Hakuweka kitu pale mpaka anakufa, hata kigoda, na ukimtembelea ulilazimika kuipita kwa pembeni kana kwamba kuna mtu amekaa.

Wiki iliyofuata alirudi makumbusho na kitambaa laini begani, akamwambia msimamizi, "Kama chenyewe hakitoki, basi mimi naingia," na ndivyo alivyoanza kazi ya kujitolea ambayo ilimfanya ajulikane kuliko pasi zote alizopiga. Alipangusa vioo, alipokea wageni, aliwatuliza watoto wa shule waliokuja kwa makundi, na akiwafikisha kwenye kiti alisema, "Babu yako alikaa hapa, alikuwa na chawa, usimwambie nimekwambia," watoto wakaanguka kwa kucheka, lakini mmoja akinyoosha mguu kuivuka ile kamba nyekundu, sauti ilibadilika, "Hakikaliwi hicho," na hakuna aliyejaribu tena. Naye mwenyewe hakukikalia. Sheria ilikuwa sheria, ngozi ingepasuka, na akikaa mmoja watakaa wote, hivyo kwa miaka yote hiyo alikigusa kwa glovu nyeupe tu, kila Jumanne asubuhi, akianzia miguu, kisha mikono, kisha egemeo la kichwa, ambalo alilimaliza mwisho na kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Siku za mvua wageni hawakuja kabisa, akakaa juu ya kigoda cha mlinzi, kamba katikati, yeye upande huu na kiti upande ule, wakatazamana. Jumatatu makumbusho yalifungwa, naye hakujua la kufanya na nafsi yake, alipita barabara ile na kikapu kitupu, akasimama penye dirisha la posta ya zamani, akaweka viganja pembeni ya macho, akachungulia, kisha akarudi nyumbani, akafungua mlango, na wifi yake aliyekaa nyumba ya pili alimsikia akisema "Nimerudi," ndani ya nyumba isiyo na mtu. Mwanawe alipopiga simu kumwomba akaishi naye, alijibu, "Mwanangu, nina kazi, nani ataniruhusu?" Na fundi saa, mzee mwenzake wa kujitolea anayejaza ufunguo ile saa kubwa ya ukutani, ambaye yupo pale nyuma na asijifanye hasikii, alimposa mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa, "Kwanza saa yako iache kuchelewa, ndipo tuongee." Walinywa chai pamoja, ndiyo, lakini saa ya kuondoka kila mmoja alishika njia yake.

Nywele zake tangu msiba ule hazikuguswa na mtu. Alizifunga kitambaa, akaziosha mwenyewe kwa haraka kwenye ndoo, na wifi yake alipojitolea kumsuka alijibiwa kwa utani, na utani huo ulikuwa mlango uliofungwa.

Mwezi wa Machi mwaka huu, 2023, marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapimwa hospitalini, wodi ileile ambayo mashuka yake aliyapiga pasi, ikaonekana moyo umepanuka, akatibiwa, akatoka, akarudi, na mwishoni mwa Agosti madaktari walituambia kwa upole tumwandae. Mwanawe alifika tarehe 5 Septemba, akamwuliza anataka nini, naye, ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu tangu siku ya mkokoteni, akasema, "Nataka kukaa kidogo." Mwanawe akavuta kiti cha chumbani, na ilibidi shangazi yake amweleze kwamba siyo hicho.

Msimamizi, ambaye sasa ni mama mtu mzima, aliitisha kamati, kamati ikagawanyika, wengine wakasema ngozi ile haitastahimili, wengine wakasema tukifanya hivi mwenye ngoma yake ya kale naye atakuja kuipiga, na ni fundi saa aliyesimama na kusema, "Miaka yote hii tunawaeleza wageni kiti hiki kilikuwa cha nani, na mwenyewe yu hai," kisha akakaa, na mikono ikainuliwa.

Hivyo siku ya Jumatatu, tarehe 11 Septemba, makumbusho yakiwa yamefungwa, mwanawe alimbeba hadi ndani, msimamizi akaifungua kamba kwa mkono wake, na Bibi Kiti akasita, akauliza, "Mtoto wa shule hatatuona?" akahakikishiwa kwamba hakuna, akavua glovu ambazo alikuwa amezivaa tangu nyumbani, akaketi. Msimamizi alikilaza, kiti kikashusha pumzi kama zamani. Akaegemeza kichwa, akafungua kitambaa mwenyewe, nywele zikaanguka, nyeupe zote sasa, akafumba macho, akangoja. Watu wanne, pamoja na fundi saa, tulisimama pale na mikono yetu hatujui tuipeleke wapi, mwanawe alidhani mama amelala, na aliyejua kinachongojwa ni mmoja tu, aliyechungulia dirishani zamani, basi akasogea, akaingiza vidole, akaanzia utosini.

"Siyo hivyo, wifi," alisema Bibi Kiti, bila kufumbua macho.

Vidole vikahamia kisogoni, vikapanda polepole. Akasikiliza. "Siyo hivyo," alisema tena, akacheka, machozi yakamshuka kuelekea masikioni, akaushika ule mkono uliokosea na kuuacha ubaki pale ulipokuwa, mpaka yeye mwenyewe aliposema, "Basi, nirudisheni."

Alifariki nyumbani, siku ya Alhamisi, tarehe 14 Septemba 2023, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, na wifi mmoja ambaye hana tena wa kutaniana naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomwita mwenzao hadi mwisho, majirani waliolala kwetu kwa zamu, wanachama wote wa kujitolea wa makumbusho, fundi saa kwa ile sentensi moja, na msimamizi, ambaye ametuomba tuwaeleze kwamba ngozi ya egemeo imepasuka kidogo upande wa kushoto na kwamba kamati imeamua mpasuko huo hautashonwa, na kiti kitakuwa mahali pake kuanzia Jumanne, na hakikaliwi.

Nenda, wifi. Huku tumejaribu, hatukuweza. Egemeza kichwa, fumba macho, anayejua pa kuanzia yuko hapo nyuma yako, upumzike kwa amani.