Swali la Ishirini la Barafu

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kuinuka bila kuwatangazia wenzake. Alasiri hiyo upande huo ulikuwa wa Barafu, fundi friji, maana mtandao hukubali hapo tu. Simu ameishika mbele ya uso, jasho linamtiririka. Miezi mitatu alikuwa amesoma kozi ya gesi mpya za friji kwenye simu hiyohiyo, na leo ndio mtihani: maswali ishirini, dakika arobaini, uso usitoke kwenye kamera. Akifaulu, ghala la baridi litamwajiri, na orodha yao inafungwa leo jioni. Alikuwa na hofu, na wenzake walijua, ndiyo maana hawakunyamaza.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, alisema Dobi. Itazameni hiyo shingo!

— Mwalimu mwenyewe yuko wapi? aliuliza Profesa, kinyozi mwenye benchi.

— Hayupo, anayefundisha ni programu ya simu. Ndiyo raha yake, alijibu Barafu bila kugeuza macho. Somo la nne nimelirudia mara kumi na moja. Shuleni nikiuliza mara ya pili nilikula bakora. Huyu hanuni, na sijafunga kazi hata siku moja.

— Hanuni kwa sababu si mtu! alisema Dobi. Hao wenye kozi wanachukua sura yako kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Ukimaliza kozi wanaye Barafu mwingine, asiyekula wala kulala, na huyo ndiye anaajiriwa.

— Akifa je, anazikwa nani? aliuliza Profesa.

— Barafu huyu huyu! Kaburi haliulizi cheti.

— Jamani, niko swali la kumi na sita. Nawaombeni.

Profesa aliinua birika la kahawa, akawamiminia. Kisha Dobi akakohoa.

— Mimi friji langu jipya limegoma tangu jana. Nimemwita fundi wa mikono, mtu wa kazi. Mkono mtupu haulambwi, na simu haina mkono hata huo mtupu.

Maneno hayo yalimchoma Barafu. Friji la zamani la Dobi alilitengeneza yeye mara nne, mara mbili kwa asante tu. Alibonyeza jibu. Kumi na nane. Kumi na tisa. Dakika sita zimebaki.

Hapo akatokea binti wa Dobi, anahema.

— Shikamooni. Baba, nyuma ya friji kuna kibandiko cha njano chenye alama ya moto. Kina maana gani? Fundi anasema si kitu, anataka kuunga bomba kwa moto.

Barafu aliutoa uso kwenye kamera.

— Ameshawasha moto? aliuliza Barafu.

— Ndiyo. Katufungisha madirisha upepo usiuzime.

Barafu aliinuka bila kutangaza. Benchi lilipinduka, Dobi chini, birika juu yake, na simu ikabaki vumbini ikipiga picha ya mawingu. Alikimbia kwa miaka yake hamsini na moja, kandambili moja ikabaki njiani. Mlango wa jikoni kwa Dobi aliusukuma kwa bega. Mke wa Dobi alikuwa anaosha vyombo, na fundi amechuchumaa, moto wa buluu umekaribia bomba.

— Zima! Gesi hiyo inashika moto! Zima, ndugu yangu!

Yule fundi alizima. Madirisha yakafunguliwa moja baada ya jingine, na Barafu akaketi kizingitini.

Barafu na Dobi waliporudi kijiweni, jua lilikuwa linashuka. Profesa alikuwa ameshaweka tofali mahali pake, na simu ameipangusa kwa taulo la wateja. Kiooni palikuwa na maneno mawili tu: Mtihani umefungwa. Kozi yenyewe huruhusu kuurudia baada ya siku saba. Ghala ndilo halisubiri.

Dobi alikaa, suruali bado ina kahawa.

— Ulibakiza mangapi, kaka?

— Moja.

— Lilisemaje?

Barafu aliichukua simu, akaizima kioo.

— Ukiona kibandiko cha moto nyuma ya friji, utafanya nini kwanza?

Profesa aliinua birika kummiminia. Halikutoa hata tone.