Baiskeli Iliyopumzika Kilimani

Ndugu, jamaa na majirani, asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, marehemu alipotuaga, waliokuwapo ni hawa: mke wa marehemu, amekaa juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, fundi simu, jirani yetu, akitembea ubavuni mwake, mwenye mashine ya kusaga, mlangoni pake kule kilimani, na binti wa marehemu, mwanawe mgongoni, chumbani kando ya kitanda alichokuwa amelalia marehemu, dirisha likiwa wazi kwa sababu aliomba asikie baiskeli ikienda.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, katika nyumba ya matofali iliyo nyuma ya stesheni, akiwa mtoto wa tano na kitindamimba wa mlinzi wa reli. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na mwaka uliofuata mjomba wake alimpokea katika kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, akakaa hapo maisha yake yote, na hapo ndipo wateja walipomwita Fundi Pole, kwa sababu hakugonga chuma bila kukiambia pole kwanza, na mtoto aliyeleta tairi lililopasuka aliambiwa pole yeye, na tairi nalo likaambiwa pole.

Tarehe 12 Novemba 1988 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akimletea pedali za mashine yake kutengenezwa hata zikiwa nzima, wakajaliwa watoto watatu, wa kiume wawili, na binti aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1998. Baada ya uzazi huo wa mwisho miguu ya mama iliisha nguvu, wala haikurudi. Marehemu aliunga baiskeli ya magurudumu matatu, akaweka nyuma kiti chenye mto, na tangu hapo kila asubuhi alimpeleka mke wake kwenye chumba chake cha kushonea, juu ya kilima. Katikati ya kilima, mbele ya mashine ya kusaga, alisimama avute pumzi, mama akimwambia, "Pumzika basi, baba watoto," naye akijibu, "Napumzika, ila mguu mmoja," na mwenye mashine, bila kuombwa na mtu, akawa anamtolea kigoda nje, mvua na jua.

Mwezi Februari 2023 moyo wa marehemu ulianza kuchoka, na daktari akamkataza kukanyaga pedali. Hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba akiondoka, mama hatavuka tena kizingiti cha nyumba, kwa kuwa alikwisha kuapa kwamba hapandi chombo kisichoendeshwa na mumewe. Akaamua kuitia baiskeli mota, ili mama aiendeshe mwenyewe. Mota mpya hawakuimudu, basi makanika mmoja akampa mota ya feni ya gari bovu, fundi simu akampangia betri kutoka kompyuta zilizotupwa, naye akaifunga mota kwa cheni kwenye ekseli ya nyuma, akahamishia kiti cha mama mbele, kwenye usukani. Mara ya kwanza ilichomoka kama mbuzi aliyekata kamba, ikaingia kwenye uzio wa jirani, mama akasema, "Mume wangu, unanipeleka kazini au mbele ya haki?" Marehemu alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mbele ya haki nitatangulia mimi, wewe una oda za watu."

Akabadilisha magurudumu ya meno, la kubwa kwa la kubwa zaidi, akitembea kando yake taratibu uani, mpaka ikaenda mwendo wa miguu yake mwenyewe, bila kuzidi wala kupungua. Alikuwa na tabia ya kuvumisha puani wimbo usio na maneno akiwa kazini, na siku mota ilipotulia, binti yake alisikia nywele zikimsimama, maana ilivuma kwa sauti ileile.

Asubuhi ile ya tarehe 9 marehemu hakuweza tena kuinuka. Alimwomba mama jambo moja tu, aende kazini mwenyewe, na mama, kwa kuona macho yake, akakubali kupandishwa. Binti alisikia mvumo ukitoka uani, ukishika kilima, na marehemu akiufuata kwa pumzi zake, kisha ukakatika. Binti alitaka kutoka mbio, marehemu akamshika mkono, akasema, "Tulia mwanangu, kafika kwenye mashine, anapumzika."

Kule kilimani mama hakuwa amegusa swichi. Baiskeli ilisimama yenyewe kando ya kigoda, ambacho mwenye mashine alikuwa amekitoa kwa mazoea, wala haikurudi nyuma, ingawa hakuna aliyeshika breki. Mama, bila kufikiri, akasema, "Pumzika basi, baba watoto." Baada ya kitambo mvumo ukaanza tena, ukapanda hadi juu. Chumbani, pumzi ya marehemu, iliyokatika baada ya maneno yale, haikuanza tena.

Jana fundi simu aliifungua mota yote mezani, akidhani ilizimwa na joto, akakuta kila waya mahali pake na hakuna kifaa chochote cha kuizima ila swichi, akaifunga tena, akaosha mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hasa muuguzi aliyemletea shuka lake mwenyewe kutoka nyumbani kwake, makanika na mafundi wenzake, jirani wa uzio, aliyeutengeneza bila neno, fundi simu, na mwenye mashine ya kusaga.

Fundi Pole, pole kwa safari. Ulichotaka kifike juu kimefika, sasa pumzika kwa amani, miguu yote miwili.

Leo asubuhi mama amekuja hapa mazikoni akiiendesha baiskeli mwenyewe, na alipofika kilimani ilisimama, akaisubiri, na kigoda kilikuwa nje.