Kipande cha Mwani Kabla ya Mapambazuko

Wasikilizaji wapendwa, kabla hakujapambazuka, katika nyumba moja ndogo, kulikuwa na sauti. Tik. Ni kibanio cha plastiki kikibana kwenye kioo. Mke aliisikia kila alfajiri akiwa bado kitandani, akajua mambo mawili: samaki wamepata chakula, na mume wake ameamka salama.

Mume huyo ametutoka. Alikuwa daktari wa meno, na watoto wa mtaa wake walimwita Babu Meno. Moyo wake uliugua, kisha ukachoka. Leo tunamkumbuka pamoja na mjane wake, fundi cherehani, aliyetukaribisha sebuleni kwake, mbele ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi.

Tangi hilo Babu Meno alilinunua kwa ajili ya wagonjwa wake, akaliweka kliniki. Watoto walioingia wakilia waliketi mbele ya kioo, na kilio kikasahaulika. Ndani mliogelea kangaja, samaki bapa wa rangi ya manjano, wenye mdomo mdogo uliochongoka. Chakula chao ni mwani.

Sasa sikilizeni kosa ambalo labda daktari wa meno tu ndiye angelifanya. Kila mgonjwa alimpa neno lilelile: kula milo yako mitatu, halafu funga mdomo. Kutafunatafuna kutwa nzima kunaozesha meno. Basi na samaki akawalisha hivyohivyo. Asubuhi, mchana, jioni. Katikati, hakuna kitu.

Mkewe ndiye aliyeona kwanza. Mshonaji ana jicho la vipimo.

"Baba, samaki wako wanakonda," alimwambia. "Huyu mdogo ubavu umeingia ndani kama gauni lililobanwa kiuno kupita kiasi."

"Wanakula vizuri sana. Hebu ona wanavyogombania!"

"Si ndiyo njaa yenyewe hiyo?"

Akacheka tu. Asubuhi moja alimkuta yule mdogo amelala juu ya mchanga, amekufa.

Siku ya mapumziko Babu Meno alifungua kliniki, akavuta kiti cha wagonjwa na kukaa mbele ya tangi. Mkewe alimpelekea chai, akarudi na kikombe kimejaa, chai imepoa. Daktari alikuwa anatazama tu. Akaona kwamba kangaja hawana saa ya kula. Wanadonoa jiwe, wanadonoa kioo, wanadonoa bomba, wanarudi kwenye jiwe. Tangu taa inawashwa mpaka inazimwa, wao wanajilisha, kama mbuzi malishoni.

Jioni alirudi nyumbani ameishiwa nguvu. "Mke wangu, nimewafunga midomo mbuzi."

"Na mimi nilisema nini?"

"Ulisema. Haya, nicheke."

Wakacheka wote wawili. Kisha mzee akafuta macho, kwa sababu ya samaki mdogo kiasi cha kiganja.

Tangu hapo akawa na utaratibu mwingine. Alfajiri alibana kwenye kioo, kwa kibanio cha plastiki, kipande cha mwani mkavu, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kikiisha mchana, aliongeza kingine. Kilichobaki jioni alikiondoa, maji yasichafuke. Wagonjwa wakimuuliza kiasi gani kinatosha, aliwajibu, "Msitazame chakula, tazameni tumbo. Likibonyea nyuma ya kichwa, ongezeni. Likijaa kidogo, acheni."

Babu Meno alipostaafu, tangi lilihamia sebuleni. Na ndipo mkewe alipougua. Alipasuliwa tumbo, akapona kidonda, lakini chakula kikamshinda. Akiona tu sahani imejaa, anaisukuma kando. Binti yao alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyotoka.

Babu Meno hakubembeleza. Kesho yake mama alikuta kipande cha papai pembeni ya cherehani. Baadaye akakuta nusu ya yai dirishani, karibu na sindano zake. Baadaye tena, uji ndani ya kikombe kidogo cha kahawa. Hakuna aliyemwita mezani. Alichokiacha kiliondolewa jioni, bila swali. Na mzee alisimama mbele ya tangi, amempa mgongo kana kwamba anatazama samaki. Lakini mama aliyaona macho yake kwenye kioo. Yalikuwa yanatazama mashavu yake.

"Nilijua ananipima," anatuambia, akitabasamu kidogo. "Nikamwambia, baba, mimi si kangaja. Akanijibu, kangaja hana maneno mengi kama wewe."

Mama alinenepa tena, wasikilizaji wapendwa. Kidogo kidogo, lakini alinenepa.

Halafu Babu Meno akafariki.

Nyumba ilijaa watu wema. Kila aliyepita mbele ya tangi aliwaonea huruma samaki, akawatupia chakula kidogo. Maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Na kila mwema alimletea mjane sahani, sahani iliyojaa. Naye akazisukuma kando kama zamani. Gauni likaanza kumpwaya. Binti yake alilia jikoni, "Baba tumemzika, na mama naye anatuponyoka."

Wageni wakatawanyika. Nyumba ikapoa. Alfajiri moja, mama akiwa macho kitandani, akasikia.

Tik.

Aliinuka. Kwa kitambo alisahau kwamba ni mjane. Akaenda sebuleni akipapasa ukuta, akamkuta shemeji yake, mdogo wa marehemu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Usiku alilala kwenye kochi. Jana yake alishinda akipunguza maji machafu na kuongeza mengine masafi ya chumvi, na mama hakuwa na habari.

"Nimekuamsha, shemeji?"

"Nani amekufundisha haya?"

"Kaka, kule hospitalini. Alinisumbua! Kipande cha kiganja cha mtoto. Tazama tumbo. Kinachobaki ondoa, usigombe. Nikamwambia, kaka, habari za samaki nimezielewa, pumzika basi. Akaniuliza, nani anazungumza habari za samaki?"

Mama akageuka. Pembeni ya cherehani kulikuwa na kipande cha papai.

Alikaa. Hakula mara moja. Aliwatazama kangaja wakivuta mwani, mmoja akichana, mwingine akirudi. Shemeji yake akampa mgongo, akainamia kioo kana kwamba samaki ndio shughuli yake yote. Mama akanyoosha mkono, akachukua papai.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mjane, tunampa pole binti, tunampa pole mdogo wa marehemu, pamoja na wote waliowahi kukaa kwenye kiti cha Babu Meno wakatoka bila kulia. Alikuwa daktari wa meno, na alijua kulisha. Nanyi mnaosikiliza, mfikirieni mfiwa mmoja mnayemjua. Siku ya msiba mlimpelekea sahani kubwa. Je, tangu siku ile, mmempelekea nini?

Tulipoaga, mama alitusindikiza mpaka mlangoni, uzi ungali umening'inia begani. Mashavu yake tuliyatazama, tukajifanya hatuyatazami. Akatushika mkono.

"Njooni tena," alisema. "Msingoje mpate siku nzima. Njooni kidogo. Halafu njooni tena."