Mama Tindikali Anarudi Mtaani

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Tindikali anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye maabara yetu ya kupima tope la pwani. Wengi aliowakuta hapa wameshaondoka, wengine kwa vyeo, wengine kwa hasira. Yeye alibaki. Ofisi imetaka wasifu mfupi na wa kufurahisha. Mfupi utakuwa.

Jina alipewa na madereva. Tope likiletwa hapa linaoshwa kwanza kwa tindikali, vipande vya makombe viishe, la sivyo kipimo kinadanganya. Muoshaji ni yeye, dirisha wazi, kitambaa puani. Madereva wakasema hata ulimi wake umelowekwa humo humo. Hawakukosea sana.

Kazi yetu wageni huwa hawaielewi, lakini akieleza yeye wanaelewa. Ukipika kwa kuni, anasema, nguo zako zitakusema. Kaa wa topeni na konokono nao hivyo hivyo, walichokula kinabaki kwenye nyama yao. Kaboni ya jani la mkoko ni nyepesi kidogo. Ya ule utando wa kijani unaoota juu ya tope ni nzito kidogo. Pima nyama, utajua mnyama alikula wapi.

Ila konokono lazima alale njaa kwanza kwenye maji safi, tumbo litoke uchafu wote. Kuna mama wa usafi mmoja, roho nzuri kupita kiasi, aliwaonea huruma akawamwagia makombo ya mkate. Asubuhi kazi ya wiki nzima imeharibika. Tulidhani Mama Tindikali atamfukuza. Akamwambia, "Dada yangu, hao wanafunga, hawajafiwa. Na wewe ukipimwa leo utatoka mkate mtupu." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Ndiyo hivyo alivyo, anakuchoma halafu anakucheka halafu anakupa chai.

Sasa tuseme na lile lingine, maana kila mtu hapa analijua, na kulificha kwenye karatasi hii ni kumdharau.

Miaka minne iliyopita majibu ya kipimo kikubwa yalitoka. Wanyama wa tope letu wanakula zaidi ule utando wa kijani, majani ya mikoko ni kidogo tu. Alifurahi kama amepata mjukuu. Siku ile ofisi ilipokaribisha watu waje waone maabara, akasimama mbele yao akatania: "Mikoko ni wapangaji tu hapa. Mwenye nyumba ni tope." Watu wakapiga makofi. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa kiti cha mbele na wenzake wanaookota makombe, naye akapiga makofi.

Waliotaka kujenga gati nao walikuwepo. Baada ya muda utani ule ukatokea kwenye bango lao, maandishi makubwa, chini jina la maabara yetu. Kama miti ni wapangaji, wakasema, basi ihamishwe. Ripoti yetu ukurasa wa pili ilisema mizizi ya mikoko ndiyo inayoshika tope lisichukuliwe na mawimbi, na tope likichukuliwa utando unaondoka nalo. Ukurasa wa pili nani alisoma?

Mama Tindikali alimfuata mkurugenzi akamwomba ofisi iseme hadharani kwamba bango linapotosha. Mkurugenzi akamjibu, "Mama, gati ni la wakubwa. Sisi tupime tope letu." Sisi wengine tulikuwa kwenye korido tunasikia. Tukarudi kwenye chupa zetu.

Basi akaenda peke yake kwenye mkutano wa mtaa. Alieleza vizuri, kuni na nguo na yote. Lakini misumeno ilikuwa imeshaingia. Wifi yake akamjibu mbele ya watu: "Wifi, mikoko imekatwa na ulimi wako. Misumeno imemalizia tu." Akakunja karatasi zake, akaenda kukaa nyuma.

Mawimbi yakaja kama ilivyoandikwa ukurasa wa pili. Leo pale ni mchanga mgumu, makombe hakuna. Wale kina mama wengine wanafua nguo za watu, wengine wamekaa tu. Wifi yake wanapakana ukuta, na hawasalimiani. Akipika, mlango wa jirani unafungwa. Ofisi, pamoja na huzuni yote hiyo, ilimpa cheti cha mfanyakazi bora. Amekiacha kwenye droo.

Watu wanaostaafu hapa huwa wanahama, wanajenga mbali, tunawatakia mapumziko. Huyu haendi mbali. Anarudi mtaa ule ule, mchana kutwa sasa, hana tena maabara ya kukimbilia. Anachokitaka si saa ya ukutani tuliyomchangia. Anataka wifi yake amwitikie salamu.

Wiki iliyopita mmoja wetu alipeleka kadi ya mwaliko wa sherehe hii ya kumuaga kwa wifi huyo. Hakuichukua. Aliendelea kuanika nguo, mgongo amegeuza, halafu akasema: "Kwenye ofisi yenu siingii. Na huyo mwambieni asiletwe na gari lenu na maua yenu. Akishamalizana na ninyi, aje kwa miguu yake, abishe hodi kama mtu."

Tumemwambia. Akauliza kama wifi alisema "asije" au alisema "aje". Tukamwambia alisema aje.

Kwa hiyo dereva asihangaike kuosha gari. Mama Tindikali, asante kwa kutufundisha kazi, na utusamehe kwa kukaa kwenye korido. Maisha mema tunakuombea, lakini kwanza tunakuombea hodi yako ipate karibu.