Nani wa Mwisho Kwenye Benchi la Verner

Mwezi wa sita, miti ya mipopla ya kando ya ziwa humwaga mbegu zake zenye nyuzi kama pamba mchana kutwa, na mji mzima wa Lillvik, Minnesota, huwa kama umelala macho wazi. Pamba hiyo hutua kwenye kofia, kwenye masharubu, kwenye kahawa, na hakuna anayejisumbua kuitoa. Mbele ya duka la kinyozi Verner kuna benchi la wateja wanaongoja zamu, ila kwa miaka mingi limekaliwa na watu wasiongoja chochote. Barafu, ambaye jina lake la ubatizo ni Oskar, hukata barafu ziwani wakati wa baridi na kuuza maneno wakati wa joto, na kichwani hana hata unywele mmoja. Nabii ni Teodor, mtabiri wa mvua zisizonyesha. Yeye hunyolewa na mkewe nyumbani. Wa tatu ni Algot Sandin, fundi wa hatamu za farasi, nao humwita Hatamu. Birika la kahawa huwa katikati yao, kila mtu na kisahani chake cha kunywea na bonge la sukari katikati ya meno, kama baba zao walivyokunywa huko Sweden. Jumamosi hiyo ya mwaka 1925 Verner alikuwa ametundika shuka dirishani. Maana yake ndani kulikuwa na mwanamke anakatwa nywele.

— Mwingine tena, alisema Barafu. Nimesikia mkasi. Huyu atakuwa nani?

— Mke wa mwuza dawa, alisema Nabii. Nilimwota.

— Wewe ukiota, mimi nabeba mwavuli kwa sababu najua kutakuwa na jua.

Hatamu hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye njia itokayo kituo cha simu, na alikuwa na sababu. Tangu mkewe afariki, binti yake Signe akiwa bado mdogo, kila asubuhi msichana huyo alikaa kwenye kigoda cha karakana, akampa baba yake mgongo, naye akamsuka. Alimsuka msuko wa nyuzi nne, ule wa hatamu, kwa kuwa ndio aliokuwa akiujua. Wakati wa kusuka walisimuliana ndoto za usiku. Mchana hawakuwa watu wa maneno mengi. Mazungumzo yao yote yalikuwa pale kigodani. Sasa Signe alikuwa mtu mzima, anaunganisha simu za mji mzima, na jana jioni alitamka kwamba anazikata nywele zake. Hatamu akamjibu: "Siku utakayozikata, usikae tena kwenye kigoda changu." Asubuhi Signe akatoka nywele zikiwa zimesokomezwa ndani ya kofia, na ndoto ya Hatamu ikabaki haijasimuliwa. Kigoda kitupu kilimuuma kuliko alivyotegemea.

— Mambo yote haya yalianzia kwenye viatu, alisema Barafu. Mnakumbuka baridi iliyopita? Wasichana wanapita na mabuti ya theluji hawajayafunga, paka paka paka barabara nzima. Nikasema, haya, Mabuti Wazi hao. Ukiacha kifungo cha mguuni, kesho unaacha cha kiunoni, keshokutwa pini za kichwani. Kitu kinafunguka kutoka chini kwenda juu.

— Viatu wapi, bwana! Ni redio, alisema Nabii. Hewa imejaa mawimbi siku hizi. Nywele ndefu zinayanasa. Mwanamke analala zake hapa Lillvik, kichwani anasikia fidla za Chicago hadi alfajiri. Lazima akate, ndipo apate usingizi.

— Kwa hiyo mke wa mchungaji, mwenye nywele hadi kiunoni, anasikia dansi usiku kucha?

— Unadhani anasinzia kanisani kwa sababu gani?

Barafu alikaribia kuimeza sukari yake nzima. Akamimina kahawa, akapuliza pamba pembeni ya kisahani, akashusha sauti.

— Sikilizeni sasa, huu si mzaha. Ni uzito. Marehemu bibi yangu alivaa sketi za ndani tabaka kwa tabaka, na koseti ya mifupa ya kubana kiuno, na shungi la nywele kubwa kama mkate. Yule upepo ungemfanya nini? Hawa wa leo wamevaa vigauni vinavyoishia magotini, hawana koseti, hawana nywele. Ni nini kinawashika chini? Juzi kwenye ukumbi wa dansi kule ziwani nilimwona binti mmoja ameruka. Haki ya Mungu, alichelewa kushuka.

— Alichelewa kiasi gani?

— Kiasi cha mimi kuuliza, mbona hashuki?

Wote watatu wakatazama juu. Pamba ilikuwa inaelea juu ya paa la benki, polepole, haina haraka ya kufika popote.

— Watakuwa kule, alisema Nabii kwa sauti ya usingizi. Juu ya mipopla. Kura walishapewa, sasa wanazipiga hukohuko. Sisi tuko chini tunawaita waje kula.

— Na utamshika wapi? aliuliza Hatamu ghafla.

— Nani?

— Mtu yeyote. Tuseme ameanza kupaa. Utamshika wapi, kama nywele hazipo?

Barafu akamtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha mdomoni.

— Mkono, ndugu yangu. Si ana mkono?

Kengele ya mlango ikalia. Akatoka mwanamke mwenye shingo nyeupe, ndefu, nywele zimekatwa sawa na masikio, pamba moja imemtua begani. Nabii, kwa adabu zake, akasimama akavua kofia.

— Mchana mwema, bibi.

— Mchana mwema na wewe, Teodor. Chakula chako kiko ndani ya jiko. Usikiache kikakauka.

Akaenda zake. Nabii akabaki amesimama, kofia kifuani.

— Yule ni Hedvig, alisema. Yule ni mke wangu.

— Tumeona, alisema Barafu.

— Ana kidoa nyuma ya sikio. Kama punje ya kahawa. Nilikiona tulipokuwa wachumba, kisha nikakisahau kabisa. Nabii akakaa chini taratibu. Jamani, nilikuwa nimekisahau.

Hatamu alikuwa hamsikilizi tena. Njia ya kituo cha simu ilikuwa na mtu. Signe alikuja taratibu, akavua kofia alipofika, na nywele zikamwagika mgongoni, hazijasukwa, zimevurugika. Hakumtazama baba yake. Alisimama mbele ya benchi, akauliza lile swali la foleni linaloulizwa kwa kinyozi yeyote duniani:

— Habari za mchana, wazee. Nani wa mwisho?

Barafu alipapasa upara wake. Nabii alitazama kofia yake. Walikaa hapo miaka yote hiyo, na hakuna aliyekuwa anangoja zamu. Barafu akainua birika ili apate la kufanya. Lilikuwa tupu.

— Hayupo, alisema Hatamu mwishowe. Hakuna anayengoja. Lakini utaingia hivyo? Verner atakukata, zitawanyike sakafuni, azifagie pamoja na ndevu za watu?

— Baba, nimeshaamua.

— Nilikusikia jana. Geuka.

Barafu na Nabii wakasogea. Signe akakaa, akampa mgongo. Vidole vya Hatamu vikagawa nywele mafungu manne, vikaanza, havikuhitaji macho.

— Umeota nini? aliuliza Signe kwa sauti ndogo.

— Farasi. Walikuwa wanavuka ziwa juu ya maji, hawana hatamu hata mmoja. Mimi nawakimbilia na hatamu begani, na hawanikimbii. Wananingoja tu.

— Ukafika?

— Niliamka.

Akatoa kwenye kizibao uzi wa nta wa kushonea ngozi, akaufunga msuko kule mwisho, kisha pale juu karibu na shingo, akakaza.

— Mwambie akate juu ya uzi huu wa shingoni. Akikata chini yake, msuko wote unafumuka.

Signe akasimama. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa cha mlango alipogeuka.

— Na kigoda, Baba?

— Kigoda hakina habari na nywele, alisema Hatamu. Njoo ukae. Kesho unaanza wewe, maana mimi ndoto yangu nimeshaisema.

Mlango ukafungwa. Wakasikia mkasi ukitafuna, mara moja, kwa nguvu, kama unakata ngozi. Hatamu akafumba macho, na chozi likamtoka, wala hakulifuta. Vidole vyake vilikuwa bado vinasuka hewa.

— Sasa, alisema Barafu, akija mwingine akituuliza tena nani wa mwisho, tumjibu nini?

Hatamu akakaa wima.

— Mwambieni ni Signe, binti wa Algot Sandin. Yuko ndani.